Kisahani cha Encik Teoh

Kila Ijumaa saa nne asubuhi, kabla Waislamu hawajaenda kuswali na wengine hawajatawanyika kutafuta tambi za mchana, wahandisi wa Serasi Medik pale Bayan Lepas walikusanyika katika chumba cha mikutano ili waaibishane. Kwenye kalenda ya kampuni kikao kile kiliandikwa Mapitio ya Programu. Wao wenyewe walikiita Kisahani, na walikuwapo walioanza kukiogopa tangu Alhamisi.

Mwenye Kisahani alikuwa Teoh Boon Siang, mhandisi mkuu, aliyebakiza miezi michache astaafu. Aliitwa Encik Teoh, na ole wake aliyesahau hiyo Encik, yaani Bwana. Kampuni yao ilitengeneza pampu za dripu, zile zinazokaa kando ya kitanda cha mgonjwa zikimpimia dawa, na programu zake ziliandikwa kwa lugha ya C, lugha isiyomwonea mtu huruma. Ukiiambia C inakili maneno kutoka kasha hili kwenda kasha lile, inanakili. Haiulizi kama kasha la pili linatosha. Likijaa, yenyewe inaendelea kumimina, na herufi zinazofurika zinaangukia kasha la jirani na kuharibu kilichomo.

Basi mhandisi aliyekamatwa ameandika mstari wa kumimina hivyo alisimamishwa mbele ya wenzake. Encik Teoh aliweka kikombe juu ya kisahani, akakitilia kahawa nyeusi polepole, kikajaa, kikafurika, naye akaendelea kutia tu huku akimtazama mtu usoni. Mkosaji alisoma mstari wake kwa sauti, akasema, "Nimemwaga," kisha akainua kisahani na kuinywa ile kahawa iliyomwagika, ya moto vile vile, wenzake wakigonga vikombe kwa vijiko. Watu wazima hao, wenye shahada zao, wenye watoto shuleni. Wengi wa wakosaji walicheka wakiwa wamesimama palepale, kwa sababu asiyecheka alitafutiwa kosa Ijumaa iliyofuata.

"Nani ana kiu leo?" Ndiyo ilikuwa salamu ya Encik Teoh anapoingia.

Yeye mwenyewe kisahani hakuwahi kukishika, na sababu yake ilikuwa Salin. Kabla hajawa mhandisi mkuu aliandika kipande cha programu cha kunakili maneno kwa usalama, akakiita hivyo, kwa maana ya nakili. Salin ilipewa ukubwa wa kasha, ikanakili herufi moja moja, na ilipofika ukingoni ikakoma. Kila pampu iliyotoka kiwandani mwao ilibeba Salin tumboni, na kwa miaka ishirini haikuwahi kumwaga. Mkurugenzi, Puan Rohaya, yaani Bibi Rohaya, alikuwa ameshaahidi kwamba siku ya kustaafu kwake chumba cha mafunzo kitaitwa kwa jina lake, na kibao cha shaba kitapigiliwa mlangoni. Encik Teoh hakuwa na mtoto. Mkewe alikwisha kutangulia. Jina lake kwenye mlango ule ndilo kitu pekee alichokuwa akikitaka duniani, na alipita pale kila siku kuutazama mlango mtupu kama mtu anayeangalia kiwanja chake.

Ndipo akaja Wan Suhaila.

Alikuwa msichana kutoka jimbo la Kelantan, mpole wa sauti, bado yumo katika miezi yake ya majaribio. Ijumaa moja, Encik Teoh alipouliza nani ana kiu, Suhaila alisimama bila kuitwa.

"Encik, samahani. Naomba nioneshe kitu. Ni habari ya Salin."

Saravanan, aliyekuwa akikaa mkono wa kulia wa Encik Teoh na kucheka kabla kichekesho hakijaisha, alikiweka kijiko chake mezani taratibu.

"Salin imefanyaje?" Encik Teoh aliuliza.

"Inamwaga, Encik."

Mtu mmoja aliguna. Suhaila akaenda kwenye pampu ya mtindo mpya, ile iliyokuwa ikingoja kupelekwa hospitalini, akaiunganisha na skrini ya ukutani. Kasha la jina la kitanda lilikuwa na vyumba kumi na sita, herufi moja chumba kimoja. Akalijaza kwa herufi A, A tupu kumi na sita, kama wahandisi wote wanavyofanya wakitaka kujaza kasha bila kufikiria cha kuandika. Skrini ikaonesha ule mstari wa A, halafu baada yake ikaendelea kutapika takataka: vipande vya tarakimu, alama zisizosomeka, vipimo vya dawa.

"Maneno ya C hayana kifuniko, Encik," alisema Suhaila. "Anayesoma anajua neno limekwisha akikuta sifuri. Sasa Salin inakoma ukingoni, sawa, lakini neno likijaa kasha barabara, hiyo sifuri haipati pa kukaa. Msomaji anapitiliza hadi kwa jirani. Kwenye pampu za zamani kasha la jirani lilikuwa tupu siku zote, sifuri tupu, kwa hiyo haikuonekana. Kwenye hizi mpya tumeyabananisha makasha, na jirani ni kipimo cha dawa."

Encik Teoh aliliona kosa mara moja. Tusimsingizie ujinga, mtu yule C aliijua kama anavyojua ngazi za nyumbani kwake. Miaka ishirini Salin haikuwa imara, ilikuwa na bahati ya jirani mpole, na binti wa juzi, ambaye hata kadi yake ya kazi bado ni ya karatasi, ameliona hilo mbele ya watu kumi na wawili. Akautazama mlango wa chumba cha mafunzo kupitia kioo. Akatabasamu.

"Na dawa yake nini, Suhaila?" aliuliza kwa sauti ya asali.

"Mtu anaweza kutia sifuri kwa nguvu kwenye chumba cha mwisho, Encik. Neno litafungika na takataka hizi zitaondoka. Lakini..."

"Lakini! Kwenu Kelantan hata wali mnakula na lakini?"

Saravanan alicheka, na wengine wakamfuata.

"Encik, sijamaliza. Kutia sifuri peke yake..."

"Utamaliza hii kwanza." Alikuwa ameshavuta kikombe. "Kujaza kasha kwa A kumi na sita! Umeona wapi mgonjwa analala kwenye kitanda kiitwacho Aaaa? Kitanda cha daktari wa meno?" Kicheko kikapanda. "Hapa kwetu anayemsingizia mkubwa wake kumwaga, amemwaga yeye. Njoo."

Akatia kahawa. Kikombe kikajaa, kikafurika, kisahani nacho kikajaa hadi kahawa ikatambaa mezani na kudondokea viatu vya msichana. Suhaila alikuwa na maneno mdomoni, yalionekana kabisa, midomo ilikuwa imeshafunguka. Vijiko vikaanza kugonga. Alimtazama mmoja mmoja pale mezani, na kila aliyemtazama aligonga kwa nguvu zaidi. Akakiinua kisahani kwa mikono miwili akanywa. Kahawa ilimuunguza ulimi, ikamwagika kidevuni na kulowesha mtandio wake mweupe, na machozi yakamtoka, ya moto au ya uchungu, nani ajuaye. Alipokiweka chini, saa ya kikao ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanavuta viti.

"Sasa sema hiyo lakini yako," Encik Teoh alisema akifunga kompyuta yake, na akatoka bila kungoja.

Jumatatu kadi ya karatasi haikufungua mlango. Mlinzi alimkabidhi Suhaila mfuko wenye kikombe chake, kandambili zake za ofisini na barua fupi iliyosema hakufaulu majaribio kwa kukosa adabu kwa wakubwa. Aliomba apande juu dakika moja tu, kwani kuna jambo hakulimaliza. Mlinzi alipiga simu juu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Dirishani Encik Teoh alikuwa akimtazama anavyovuka barabara kwenda kituo cha basi, na moyoni alihisi raha, ile raha ya mtu aliyetoa mwiba. Ni vizuri isemwe wazi kwamba alihisi raha.

Wiki mbili baadaye, akiwa peke yake ofisini saa ya chakula, aliifungua Salin na kuongeza mstari mmoja: chumba cha mwisho kiwe sifuri. Akaijaribu. Akajaza zile zile A kumi na sita, maana mkono ulishazoea, na skrini ikaonesha mstari msafi wa A, bila takataka hata nukta. Hakuzihesabu. Nani anahesabu A? Zilikuwa kumi na tano, na kumi na tano kwa macho ni sawasawa na kumi na sita. Halafu akaupitisha kwenye meza ya majaribio, ambayo ilikuwa na pampu nane, zimepewa majina ya vitanda nane, zote zikafanya kazi vizuri. Akaandika jina lake chini ya mabadiliko: Teoh Boon Siang, uboreshaji wa Salin.

Saravanan aliyaona mchana ule ule.

"Encik, hii si ile ya yule binti?"

"Saravanan, una kiu?"

"Hapana, Encik."

"Basi."

Puan Rohaya aliwatangazia wote kwamba Encik Teoh, hata akiwa mlangoni pa kustaafu, bado anainoa kazi yake. Watu wakapiga makofi. Kibao cha shaba kikaagizwa, kikaja kimefungwa karatasi laini, naye akakiweka kwenye droo yake na kukifungua mara kwa mara kukigusa herufi. Pampu za mtindo mpya zikapakiwa kwenye lori zikavuka daraja kutoka kisiwani kwenda ng'ambo, kwenye hospitali ambayo wodi zake zina majina ya maua.

Wodi ya Kenanga ilikuwa ya kina mama. Vitanda vyake vilikuwa kumi na vinane, na kila pampu iliitwa kwa jina la kitanda chake: WAD KENANGA K-1, WAD KENANGA K-2, kuendelea. Ukilihesabu, jina la kitanda cha kwanza lina herufi kumi na tano pamoja na nafasi zake. La kitanda cha kumi na moja lina kumi na sita.

Kitanda cha kumi na moja alilala mama aliyeishiwa maji mwilini. Kitanda cha kwanza, karibu na dirisha, alilala Mak Cik Zabedah, Shangazi kwa wote, bibi aliyeuza nasi lemak, wali wa nazi, nje ya shule ya msingi maisha yake yote, ambaye kidonda cha mguu kilikuwa kimegoma kupona kwa sababu ya kisukari. Pampu yake ilimpa insulini, tone kwa tone, ya kuhesabu. Baada ya chakula cha mchana daktari aliagiza yule wa kumi na moja aongezwe maji ya chumvi kwa wingi. Muuguzi aliketi kwenye kompyuta ya wodi, akachagua kitanda kumi na moja, akaandika kipimo, akabonyeza. Alifanya kazi yake sawasawa. Salin ikalinakili jina lile, ikafika chumba cha mwisho, ikaifuta ile moja ya pili na kuweka sifuri mahali pake, kimya, bila kumwambia mtu. Jina likawa WAD KENANGA K-1. Agizo likaenda kitanda cha dirishani.

Pampu ya Mak Cik Zabedah ikaanza kukimbia, ikimmiminia insulini kwa kasi ya maji ya chumvi. Bibi mwenyewe alijisikia jasho na usingizi. Alimwambia mwenzake wa kitanda cha pili kwamba leo joto limezidi, akageukia ukutani. Wauguzi waliompita walishukuru kwamba leo amepata usingizi bila kulalamikia mguu. Binti yake alipokuja jioni na uji, alimwamsha kwa dakika nzima kabla hajaelewa.

Uchunguzi haukuchukua muda mrefu. Pampu hukumbuka kila inachoagizwa, na ya kitanda cha kwanza ilikumbuka agizo la kitanda cha kumi na moja. Saravanan ndiye aliyepewa kufuatilia, na akafuatilia kwa bidii ambayo hakuwahi kuionesha katika kazi nyingine yoyote.

Kikao kilifanyika Ijumaa saa nne, kwa kuwa ndio wakati ambao wahandisi wote huwa huru. Puan Rohaya alikaa kiti cha mbele. Encik Teoh, kwa mara ya kwanza, alikaa pembeni. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja tu.

"Encik Teoh," alisema Puan Rohaya, "tusomee."

"Puan, kila mtu anauona."

"Soma."

Akasoma. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Chumba cha mwisho kiwe sifuri."

"Aliyeuandika ni nani?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkuu asiyesikia hawakutuachia. Encik Teoh alilowesha midomo. Alimwona akilini Mak Cik asiyemjua, akauona na mlango wa chumba cha mafunzo, na kati ya hivyo viwili akauchagua mlango.

"Wazo hilo lilikuwa la yule binti wa Kelantan," alisema. "Suhaila. Alilileta hapa mbele ya wote. Mimi nilimwamini tu. Kosa langu ni kumwamini."

"Ulimwamini baada ya kumfukuza?" Puan Rohaya aliuliza. "Tarehe ni hii, na jina ni hili. Uboreshaji wa Salin. Tulikupigia makofi, Encik."

"Nilitaka... kampuni isi..."

"Yuko kwenye simu," alisema Saravanan, akaisukuma simu katikati ya meza. "Suhaila, unatusikia?"

"Nawasikia, Kaka Saravanan." Nyuma yake zilisikika pikipiki na mtu akipigia kelele bei ya samaki.

"Suhaila," alisema Puan Rohaya, "siku ile ulipotaja sifuri ya mwisho, wenzako wanasema ulikuwa na neno hukulimaliza. Lilikuwa lipi?"

Pikipiki ikapita.

"Nilitaka kusema, lakini tusifanye hivyo, Puan. Sifuri ile inafunga neno kwa kulikata mkia, na mkia wa jina la kitanda ndio namba yake. Kumi na moja inakuwa moja. Nilitaka kusema neno lisipotosha, Salin ikatae kulinakili kabisa, pampu ipige kengele, muuguzi aje mwenyewe atazame. Kumwaga ni kubaya, lakini takataka zinaonekana, mtu atashtuka. Kukata kimya kimya hakuna atakayejua."

Encik Teoh aliinama juu ya simu kama mtu anayeinamia kisima.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mwanangu?" Hakuwahi kumwita mwanangu. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakunywa, Encik," alisema Suhaila, na akakata.

Puan Rohaya alikusanya karatasi zake. Alisema mawakili wa hospitali watafika saa nane, na kwamba Encik Teoh asiguse kompyuta yoyote wala asitoke jengoni. Kibao akirudishe stoo, shaba inaweza kuyeyushwa. Alisema hayo kwa upole kabisa, akaenda zake na kufunga mlango nyuma yake.

Wahandisi wakabaki. Encik Teoh alikaza macho mezani akingoja waondoke. Hawakuondoka. Ilikuwa Ijumaa, na kahawa ilikuwa ipo.

Saravanan akavuta kikombe na kisahani, akaviweka mbele yake.

"Encik ana kiu leo?"

"Saravanan. Mtu amekufa."

"Ndiyo, Encik. Na mstari umeshausoma. Limebaki lile neno."

Akaanza kutia. Kikombe kikajaa. Kikafurika. Akaendelea kutia, akimtazama mzee usoni, kwa mwendo ule ule wa polepole aliofundishwa katika chumba kile kile. Mtu wa mwisho wa meza akagonga kijiko mara moja, kwa kujaribu. Mwingine akaitikia. Halafu wote, na usidhani hata mmoja alikuwa akimlilia bibi wa nasi lemak, maana hao ndio waliomgongea Suhaila hadi maneno yakamrudi kooni. Walikuwa wanagonga kwa sababu leo wa kunywa hawakuwa wao.

"Nimemwaga," alisema Encik Teoh.

"Sauti, Encik. Huku nyuma hatusikii."

"Nimemwaga!"

Akakiinua kisahani. Nusu ya kahawa ikamwagikia shati na kumuunguza kifua, nusu akaimeza akifumba macho. Alipokiweka chini alitazama huku na huku kama anatafuta wa kumwambia basi, imetosha. Kikombe bado kilikuwa kimejaa hadi ukingoni.

"Kuna nyingine kwenye chupa," alisema Saravanan, na akaiinamisha tena.